Tenisi Hufundishwa kwa Kuchezwa

Pita kwenye uwanja wa tenisi saa za mazoezi ya watoto, iwe Dar es Salaam, Arusha, Nairobi au Mombasa, na mara nyingi utakuta hali ileile. Watoto 20 wamepanga foleni nyuma ya mstari. Kocha amesimama upande wa pili wa wavu akiwa na kikapu cha mipira. Anarusha mmoja, mtoto wa mbele anaupiga, kocha anasema "kunja goti" au "malizia mpigo", na mtoto anarudi mwisho wa foleni. Hesabu yake ni nyepesi. Kocha akirusha mpira kila baada ya sekunde 6, kila mtoto anapiga mara moja katika dakika mbili. Katika nusu saa amepiga mipira 15. Muda wote uliobaki amesimama akitazama kisogo cha mwenzake.

Uchache huo wa mipira unaumiza, lakini ipo hasara kubwa zaidi. Mtoto yule anajua mpira utatokea wapi, utadunda wapi, aupige kwa upande upi na auelekeze wapi. Kila kitu kimeshaamuliwa kabla hajanyanyua raketi. Siku ya mashindano anakutana na mtu anayempelekea mpira pale asipopataka, na ule mpigo mzuri wa mazoezini unapotea. Wazazi wanasema ameogopa. Kocha anasema hajafanya mazoezi ya kutosha. Mimi nasema mtoto huyo bado hajafundishwa tenisi. Amefundishwa kupiga mpira aliotengewa.

Msimamo wangu katika safu hii ni mmoja: mchezo ndio unaouliza swali, na mpigo ni jibu. Mwanafunzi asiyejua swali hawezi kulikumbuka jibu, hata ukimkaririsha mwaka mzima. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuutengeneza mchezo, mdogo na mwepesi lakini wa kweli, wenye mpinzani, wavu, mipaka na pointi, kisha kumwingiza mwanafunzi humo tangu siku ya kwanza.

Wazo hili lina historia. Mwaka 1982 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, David Bunker na Rod Thorpe, walichapisha makala kuhusu ufundishaji wa michezo katika shule za sekondari. Walikuwa wameona mambo ambayo mwalimu yeyote wa michezo huku kwetu atayatambua. Wanafunzi wengi walimaliza shule bila kuonja mafanikio yoyote michezoni, kwa sababu walipimwa kwa ufundi ambao hawakuwa nao. Wale wachache wenye ufundi, ufundi wao ulikuwa mkavu, haukubadilika mchezo ulipobadilika. Na hata hao walimtegemea mwalimu awaamulie. Bunker na Thorpe wakapendekeza mpangilio ugeuzwe: anza na mchezo uliorahisishwa, mwanafunzi aelewe mchezo unataka nini, aione nafasi na hatari, aamue afanye nini, kisha ndipo ajifunze namna ya kukifanya.

Walimu wa mkondo huu huigawa michezo kwa matatizo yake. Ipo michezo ya kuvamia eneo la mpinzani kama soka na netiboli. Ipo ya kupiga na kudaka kama kriketi, na ya shabaha kama gofu. Tenisi imo katika kundi la michezo ya wavu, pamoja na mpira wa wavu, mpira wa meza na vinyoya. Kundi hili lote lina tatizo moja: upeleke mpira mahali ambapo mwenzako hafiki, na uulinde upande wako asikufanyie hivyohivyo. Hiyo ni habari njema kwa shule isiyo na uwanja wa tenisi. Mwanafunzi aliyecheza mpira wa wavu kwenye mchanga ameshaanza kujua kutafuta pengo. Anachokosa ni raketi tu.

Tutazame jambo hili kwa karibu. Chukua wanafunzi wawili wa darasa la nne, uwanja wa shule uliochorwa kwa chaki, kamba iliyofungwa usawa wa kifua chao, na mpira mmoja mchakavu wa tenisi. Raketi bado ziko kwenye mfuko. Sheria ni chache: rusha mpira juu ya kamba kwa mkono wa chini, mwenzako audake ukishadunda mara moja, naye arushe akiwa palepale alipoudakia. Ukidunda mara mbili au ukitoka nje, pointi imekwenda.

Dakika ya kwanza wanarushiana mikononi. Mwalimu anamsogelea mmoja na kumuuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Mtoto anaonyesha kwa kidole. "Na wapi hayupo?" Hapo mtoto anacheka, na mpira unaofuata anaupeleka kona. Mwenzake anakimbia, anaudaka kwa shida, anaurudisha, kisha anabaki kulekule konani akitweta. Mpira wa pili unakwenda kona nyingine na hakuna wa kuudaka. Mwalimu anamgeukia aliyepoteza: "Uliporusha ule wa kwanza, ulikwenda wapi?" "Sikwenda popote, mwalimu." Hahitaji maelezo zaidi. Pointi mbili baadaye anarusha na kurudi mbio katikati, bila kuamriwa. Punde mmoja wao anagundua kuwa anaweza kuudondosha mpira karibu na kamba. Mwenzake anaanza kusimama mbele. Naye anajibiwa kwa mpira mrefu unaopita juu ya kichwa.

Katika dakika kama kumi watoto hao wamegusa kona, kurudi katikati, mpira mfupi na mpira mrefu wa juu. Makocha wengi huyaweka mambo hayo mwezi wa tatu au wa nne wa mafunzo. Sasa toa raketi. Utasikia maswali ambayo kwenye foleni hayaulizwi kamwe: "Mwalimu, nikitaka uende mbali nifanyeje?" Swali hilo ndilo mlango wa ufundi. Ukimwonyesha wakati huo kuanza mpigo chini na kumalizia juu, anakuelewa kwa sababu anauhitaji ufundi huo.

Tena watoto wetu hawaanzi sifuri. Binti aliyekua akicheza rede Tanzania, au kati kama wanavyoiita Kenya, ametumia jioni nyingi akisimama kati ya warushaji wawili, akisoma bega na mkono wa anayerusha ili ajue mpira utapita wapi. Aliyecheza mdako ameshazoea kurusha kijiwe juu, kuchota vingine na kukidaka kabla hakijaanguka. Kusoma mwili wa mpinzani, kupima kasi ya kitu kinachokuja, kuliwahisha jicho mbele ya mkono: hiyo ndiyo misingi ya tenisi. Mwalimu anayewapanga foleni watoto hawa na kuwaagiza waanze kuchapa hewa kwa raketi anaifungia nje akiba yote waliyokuja nayo kutoka uani.

Hata hivyo mchezo hauwezi kufundisha ikiwa vifaa vinamzuia mtoto kucheza. Mpira wa kawaida wa manjano, ukidondoshwa kutoka sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, hutakiwa kudunda hadi sentimita 135 mpaka 147. Mtoto wa miaka minane kwa wastani ana urefu usiofika sentimita 130. Ndiyo maana unamwona akirudi nyuma hadi kwenye uzio, akipiga mpira ulio usawa wa uso wake, huku mkono wake umepindishwa na raketi ambayo ni nzito kwake. Tunamwita hana kipaji, kumbe tumempa mchezo wa watu wazima.

Shirikisho la Tenisi la Kimataifa lililitambua tatizo hilo na mwaka 2007 likaanzisha kampeni ya Play and Stay, ambayo msingi wake ni kwamba anayeanza aweze kuanzisha mpira, kupokezana na kuhesabu pointi tangu kipindi cha kwanza. Kampeni hiyo hutumia mipira ya polepole ya ngazi tatu, inayotambulishwa kwa rangi. Mpira mwekundu huenda polepole kwa takriban asilimia 75 ukilinganishwa na wa manjano, wa rangi ya machungwa asilimia 50, na wa kijani asilimia 25. Mdundo wa mpira mwekundu, kwa kipimo kilekile cha sentimita 254, ni kati ya sentimita 90 na 105, yaani unamfikia mtoto pale anapoweza kuupiga. Kuanzia Januari 2012 ikawa kanuni: mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini hayachezwi tena kwa mpira wa manjano.

Uwanja nao ulipunguzwa. Uwanja kamili una urefu wa mita 23.77, na upana wake wa wachezaji wawili-wawili ni mita 10.97. Uwanja mwekundu, yaani ule wa mpira mwekundu, una urefu wa kuanzia hizohizo mita 10.97. Maana yake, ukicheza kwa upana, uwanja mmoja wa klabu unatoa viwanja vidogo vinne. Funga kamba mbili, kila moja kutoka kwenye wavu hadi uzio wa nyuma, chora mistari kwa chaki, na kazi imekwisha. Wale watoto 20 wa foleni sasa wanacheza 16 kwa mpigo mmoja, wawili kwa wawili, na wanne waliobaki wanahesabu pointi wakisubiri zamu ya dakika tatu. Pasipo mipira myekundu, mipira iliyochakaa ambayo klabu huitupa inafaa kuanzia, kwa sababu imepoteza upepo na mdundo wake umeshuka.

Damian Farrow na Machar Reid, watafiti wa Australia, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Waligawa watoto wanaoanza katika makundi manne, wengine wakitumia uwanja na mpira wa kawaida, wengine uwanja au mpira uliopunguzwa, wengine vyote viwili. Kundi lililofanya vibaya ni lile la uwanja kamili na mpira wa kawaida: lilipata nafasi chache za kupiga na likajifunza kidogo. Ukubwa wa uwanja ulikuwa na uzito wa pekee katika matokeo hayo. Mwalimu mwenye bajeti ndogo achukue somo hapo, kwa kuwa kupunguza uwanja ni kazi ya chaki.

Sasa tufike kwenye ufundi wa mwalimu mwenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea. Kuwagawia watoto raketi na kuwaambia "chezeni" si kufundisha. Mchezo unafundisha pale tu unapotengenezwa ili tatizo moja lijitokeze kuliko mengine. Unataka wanafunzi wajifunze kupeleka mpira nyuma ya uwanja? Kata uwanja kwa urefu, uwe mwembamba na mrefu. Kona zimekufa, pengo pekee lililobaki ni nyuma, na mpira mrefu utaanza kuonekana bila hotuba. Unataka wajifunze kumkimbiza mpinzani kushoto na kulia? Fanya uwanja mfupi na mpana. Unataka waende kwenye wavu? Pointi inayomalizwa kwa mpira uliopigwa kabla haujadunda ihesabiwe mbili. Unataka uvumilivu? Pointi isianze mpaka mpira uvuke wavu mara nne. Mipaka na hesabu za pointi ndizo sauti ya mwalimu, na mtoto huisikia sauti hiyo kuliko kelele za pembeni.

Mwongozo wa kupanga masomo upo. Shirikisho la Kimataifa huigawa tenisi katika hali tano: unaanzisha mpira, unapokea mpira ulioanzishwa, wote mko nyuma, wewe unakwenda au uko kwenye wavu, na mpinzani wako yuko kwenye wavu. Mwalimu anayepanga muhula kwa hali hizo tano atawafikisha wanafunzi mbali kuliko anayepanga kwa orodha ya mipigo, wiki mbili upande wa mbele, wiki mbili upande wa nyuma, na mchezo wenyewe ukisubiri mwisho wa muhula ambao mara nyingi huisha kabla.

Nawaelewa makocha wanaoshikilia foleni, kwa sababu foleni inapendeza macho. Mtoto anayepiga mipira 20 ya aina moja mfululizo ataonekana amenyooka ufikapo mpira wa kumi na tano. Lakini unyoofu huo unadanganya. Mwaka 1979 watafiti John Shea na Robyn Morgan walionyesha kuwa wanaofanya zoezi la aina moja mfululizo huonekana bora wakati wa mazoezi, ilhali wanaochanganya mazoezi hukumbuka zaidi wanapopimwa baadaye. Mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill waliupima ukweli huo kwa wanaojifunza aina tatu za kuanzisha mpira wa vinyoya: waliochanganya waliwashinda waliorudia, tena walipohamishiwa upande mwingine wa uwanja tofauti ilidhihirika. Pointi ya kweli huchanganya kila kitu yenyewe. Hakuna mipira miwili inayofanana, na kila mpigo unabidi ujengwe upya.

Mrusi Nikolai Bernstein alikuwa ameliona hilo mapema, katika miaka ya 1920, alipochunguza mafundi wazoefu wakipiga patasi kwa nyundo. Kichwa cha nyundo kilifika mahali palepale kila mara, lakini bega, kiwiko na kiganja vilipita njia tofauti kidogo katika kila pigo. Uzoefu wao ulikuwa katika kulitatua tatizo tena na tena. Kocha anayelazimisha viwiko 20 vipite njia moja anatafuta kitu ambacho hata fundi bingwa hana.

Zipo hoja za upande wa pili, na zinastahili majibu. Ya kwanza ni ile ya wazee wetu: samaki mkunje angali mbichi. Makocha huitumia kusema kwamba ufundi mbaya ukikomaa haunyooki. Nakubaliana nao kwa sehemu. Namna ya kushika raketi ifundishwe mapema. Kuanzisha mpira, ambako ndiko kupiga pekee ambako mchezaji hamsubiri mpinzani, kunafaa kurudiwa peke yake mara nyingi. Usalama nao, nafasi kati ya mtoto na mtoto mwenye raketi, haujadiliwi. Lakini samaki hukunjwa kwa sura ya chombo atakachokaa. Mtoto aliyekunjwa kwa ajili ya foleni ataikaa foleni vizuri, na uwanjani atapwaya.

Hoja ya pili ni ushahidi. Tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili kwa ujumla zinauunga mkono mchezo katika kufanya maamuzi na katika hamu ya kuendelea kucheza. Katika ufundi wa mpigo wenyewe matokeo yamechanganyika. Siyaoni hayo kuwa udhaifu wa njia hii. Yananiambia kwamba mwalimu wa mchezo hajasamehewa kujua ufundi. Anatakiwa kuujua vizuri zaidi, kwa sababu ataufundisha kwa vipande vifupi, katikati ya mchezo, kwa mtoto mmoja aliyekwama, kisha anyamaze mchezo uendelee.

Hoja ya tatu ni wingi wa wanafunzi na tofauti za uwezo. Mchezo maarufu wa mfalme wa uwanja, ambao mshindi hubaki na aliyeshindwa hutoka, huwaumiza wanyonge: anayehitaji mipira mingi ndiye anayekaa nje. Utumie mchezo wa ngazi badala yake. Viwanja vinapangwa kwa namba, na kila baada ya dakika tatu mshindi anapanda kiwanja kimoja na aliyeshindwa anashuka kimoja. Baada ya zamu chache kila mtoto anakutana na wa kiwango chake, na hakuna aliyetoka nje. Anayeshinda kirahisi aanze pointi akiwa nyuma kwa mbili. Darasa la wanafunzi 50 linaendeshwa hivyo hata kwenye uwanja wa vumbi, mradi zipo kamba, chaki na watoto waliofundishwa kujihesabia pointi kwa uaminifu.

Jambo gumu kuliko yote kwa mwalimu ni ulimi. Timothy Gallwey, katika kitabu chake The Inner Game of Tennis cha mwaka 1974, aliwafundisha wachezaji kutamka neno moja mpira unapodunda na jingine raketi inapougusa, ili akili itulie kwenye mpira na iache kujisuta. Jaribu kwa Kiswahili na watoto wako: "dunda", "piga". Utaona mikono inayolegea na mipigo inayokuja kwa wakati wake bila neno moja la masahihisho. Mwalimu mzuri wa mchezo huuliza kuliko anavyoamuru: pengo liko wapi, ulikuwa na nafasi gani nyingine, utamzuiaje asirudie? Akishauliza, asubiri jibu la mtoto uwanjani.

Julai 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa ubingwa wa wasichana wawili-wawili Wimbledon akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kushinda taji la vijana la mashindano makubwa manne ya tenisi. Mwaka huohuo, Januari, alikuwa ameshinda mechi kwenye mashindano ya vijana ya Australia. Wengi waliuliza ni lini tutampata mwingine. Mimi nauliza ni wangapi waliosimama kwenye foleni zetu, wakapiga mipira 15 kwa siku, wakachoka, wakaenda zao. Ubingwa ni wa wachache. Kubaki mchezoni ni haki ya kila mtoto aliyeshika raketi, na mtoto hubaki pale anapocheza.

Nawaomba viongozi wa vyama vya tenisi wa nchi zetu wapime kozi za makocha kwa kigezo kimoja: kocha anayehitimu aweze kutengeneza mchezo mdogo unaofundisha jambo moja, mbele ya watoto halisi. Nawaomba wakuu wa shule wasisubiri uwanja wa tenisi ndipo waanze. Nawe mwalimu wa michezo, kipindi chako kijacho kifupishe kwa maneno na kirefushe kwa pointi. Funga kamba, chora mistari, na kabla dakika ya tano haijaisha kila mwanafunzi awe na mpinzani mbele yake na pointi ya kuigombea.